Programu Inapanga Marejeo, Haiyathibitishi

Katika miaka ya karibuni majarida mengi ya kitaaluma yamelegeza sharti lililowachosha waandishi kwa muda mrefu. Mwandishi anayewasilisha muswada kwa mara ya kwanza haombwi tena kupanga marejeo yake kwa mtindo wa jarida lile. Anaruhusiwa kutumia mtindo wowote ilmradi aufuate mwanzo hadi mwisho, na kazi ya kuyapa marejeo sura inayotakiwa huachwa mpaka makala ikubaliwe. Elsevier, mmoja wa wachapishaji wakubwa kuliko wote duniani, alianza utaratibu huo kwa jarida moja mwanzoni mwa muongo wa 2010, kisha akaueneza kwenye majarida yake mengine mengi, na wachapishaji wengine nao wamefuata. Wakati huohuo programu za kusimamia marejeo, kama Zotero na Mendeley, zimeingia kwenye kompyuta za wanafunzi wetu wa uzamili na uzamivu, na nyuma yake zimekuja zana za akili mnemba zinazoweza kutoa orodha nzima ya marejeo kabla mtu hajamaliza kunywa chai yake. Ndiyo maana siku hizi, kwenye semina na kwenye ofisi za wahadhiri, husikika kauli kwamba suala la marejeo limekwisha, hiyo sasa ni kazi ya mashine, na mwandishi ashughulike na hoja zake tu.

Kauli hiyo imeshika nusu ya jambo na kuiacha nusu yenye uzito. Chini ya jina moja la kupanga marejeo tumezoea kuweka kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kazi ya sura: nukta ikae wapi, mwaka uwekwe kwenye mabano au usiwekwe, jina la kitabu liandikwe kwa italiki au lipigiwe mstari. Ya pili ni kazi ya utambulisho: nani aliandika, aliandika lini, toleo lipi, jarida gani, ukurasa upi, na msomaji mwingine akitaka kukiona chanzo hicho kwa macho yake aende wapi. Maoni yangu ni kwamba kulegezwa kwa kazi ya kwanza ni jambo jema lililochelewa, na kwamba kulegezwa huko kumeiongezea kazi ya pili uzito, hasa kwa sisi tunaoandika kuhusu Afrika Mashariki, ambako programu hizo hazijui mpangilio wa majina yetu, wala namna hifadhi zetu zinavyotunza nyaraka, wala nafasi ya simulizi za wazee katika utafiti.

Tofauti ya kazi hizo mbili huonekana vizuri mtu akitazama mitindo hii ilikotoka. Mtindo wa kutaja jina na mwaka kwenye mabano, ambao wengi huuita wa Harvard, kwa kawaida hufuatiliwa hadi kwa Edward Laurens Mark, mwanazuolojia wa chuo hicho aliyeutumia mwaka 1881 katika makala kuhusu konokono wasio na gamba. Wanasaikolojia wa Marekani walipochapisha mwongozo wao wa kwanza mwaka 1929, ulikuwa na kurasa 7 tu. Toleo la saba la mwongozo huohuo, unaojulikana kwetu kama APA, lilitoka mwishoni mwa 2019 likiwa na kurasa zaidi ya 400. Mtindo wa Vancouver ulitokana na kikao cha wahariri wachache wa majarida ya tiba waliokutana katika mji huo wa Kanada mwaka 1978, kwa nia ya kukubaliana sura moja ya miswada ili mwandishi aliyekataliwa na jarida moja asilazimike kupiga chapa upya kazi yake yote kabla ya kuipeleka kwa jingine. Hili la Vancouver linafaa kukumbukwa na kila anayeutetea mtindo fulani kana kwamba ni msahafu, kwa sababu ulianzishwa na wahariri waliotaka kupunguza kazi ya sura, na waliona wazi kwamba kazi hiyo haina uhusiano na ubora wa utafiti. Leo ghala la mitindo linalotumiwa na Zotero lina mitindo zaidi ya 10,000, na ingawa mingi kati yake ni mtindo uleule uliosajiliwa kwa majina ya majarida tofauti, iliyobaki inatosha kuonyesha jinsi tulivyoachia nukta na koma zizaane bila sababu.

Gharama yake imepimwa. Mwaka 2019 jarida la PLOS ONE lilichapisha utafiti wa Allana LeBlanc na wenzake uliowahoji watu 372 kutoka nchi 41 kuhusu muda wanaotumia kurekebisha sura ya miswada yao, yaani marejeo pamoja na majedwali, picha, mpangilio wa sehemu na mengineyo. Kwa makadirio yao, mtafiti wa kawaida alitumia saa 14 kwa kila muswada, na saa 52 kwa mwaka, na kwa kuzingatia mishahara walikadiria gharama ya dola 477 za Marekani kwa kila muswada. Si saa zote hizo zilikwenda kwenye marejeo, lakini yeyote aliyewahi kubadilisha orodha ya vyanzo kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine kwa mkono anajua kwamba sehemu yake haikuwa ndogo. Mhadhiri mwenye madarasa matatu na wanafunzi wa tasnifu wanaomsubiri mlangoni, anayeandika usiku kwa sababu mchana hauna nafasi, hana saa za kugawa kwa ajili ya koma ambazo jarida lililomkataa lilizitaka na jarida linalofuata halizitaki. Kwa hiyo wanaoupokea kwa furaha mfumo huu wa kuwasilisha kwa mtindo wowote wana haki ya kufurahi.

Wanaoupinga nao wana hoja, na hoja zao hazilingani kwa nguvu. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa sana: kwamba usahihi wa sura ni kipimo cha nidhamu ya mtafiti, kwamba aliyekosea nukta kwenye marejeo atakuwa amekosea pia kwenye data, na kwamba mhariri akiitazama orodha ya marejeo humjua mwandishi. Hoja hii ilikuwa na ukweli kidogo zamani, wakati kila herufi ilipigwa kwa mkono na unadhifu ulikuwa ushahidi kwamba mtu alikaa na kazi yake. Leo unadhifu hauthibitishi kitu. Mwaka 2023 William Walters na Esther Wilder walichapisha katika Scientific Reports uchunguzi wa marejeo 636 yaliyotolewa na ChatGPT katika makala fupi ilizoombwa kuandika. Katika toleo la GPT-3.5, asilimia 55 ya marejeo hayo yalikuwa ya kazi ambazo hazipo duniani. Katika GPT-4 ilikuwa asilimia 18. Zana hizo zimeendelea kubadilika tangu wakati huo, lakini jinsi zinavyofanya kazi inaeleza kwa nini kosa hilo hutokea. Zana ya aina hiyo hutabiri maneno yanayoelekea kufuatana, na hakuna matini yenye umbo linalotabirika zaidi kuliko rejeo la kitaaluma. Kwa hiyo hutoa jina la mwandishi linalofanana na kweli, mwaka unaofaa, jarida lililopo, juzuu, toleo na kurasa, vyote vikiwa vimekaa mahali pake kama mwongozo unavyoagiza. Rejeo la uongo mara nyingi ni safi kuliko rejeo la mwanafunzi mwaminifu aliyelinakili kutoka kwenye jalada la kitabu kilichochakaa.

Wala mashine si za kwanza kutufundisha hilo. Kwa miaka mingi baadhi ya miongozo ya waandishi ya Elsevier ilikuwa na mfano wa rejeo la makala ya jarida, wenye majina ya Van der Geer, Hanraads na Lupton, kuhusu sanaa ya kuandika makala ya kisayansi, ukitaja juzuu ya 163, ukurasa wa 51 hadi 59. Makala hiyo haikuwahi kuandikwa, na jarida lililotajwa halikuwahi kuwapo. Yalitungwa ili mwandishi aone koma zinakaa wapi. Pieter Kroonenberg, mtakwimu wa Uholanzi, aliliona rejeo hilo likitajwa kama kazi halisi, na mwaka 2017 Anne-Wil Harzing alieleza jinsi alivyolifuatilia na kulikuta katika makala karibu 400 zilizoorodheshwa kwenye hifadhidata ya Web of Science. Inaelekea wengi waliandika juu ya kiolezo na kusahau kukifuta. Linaloniumiza katika kisa hiki ni kwamba rejeo lile lilipita mikononi mwa wahakiki na wahariri, na halikumshtua yeyote kwa sababu lilikuwa limepangwa vizuri. Lilikuwa, kwa kweli, ndilo rejeo lililopangwa vizuri kuliko yote katika orodha. Mhariri anayetumia sura kama kipimo cha ukweli alikuwa akilipitisha kwa alama zote.

Hoja ya pili ya wapinzani ni nzito, na sioni haki ikitendwa na wale wanaoipita haraka. Mchapishaji mkubwa anaposema mwandishi alete marejeo kwa mtindo wowote, ana mfumo wa kompyuta na kampuni za upangaji chapa anazozilipa zimalizie kazi. Jarida la Kiswahili linalotoka kwenye idara ya chuo kikuu halina hao. Lina mhariri ambaye ni mwalimu, msaidizi wake ambaye ni mwalimu pia, na pengine mwanafunzi mmoja wa uzamili anayesaidia kwa mapenzi yake. Ukimwambia mhariri huyo apokee miswada kumi yenye mitindo kumi, hujaondoa mzigo wowote. Umeutoa kwa mwandishi na kumtwika mtu ambaye halipwi. Ninaikubali hoja hii, ila naona inajibika kwa ratiba. Kinachofaa kuwa huru ni uwasilishaji wa kwanza, wakati haijulikani kama makala itakubaliwa. Ikishakubaliwa, mwandishi mwenyewe ayapange marejeo kwa mtindo wa jarida, na kwa wakati huo ana sababu ya kufanya hivyo kwa moyo mweupe. Mwandishi aliyekataliwa anakuwa hakupoteza siku zake, na mhariri hakuongezewa kitu.

Hoja ya tatu inahusu mashine zinazosoma marejeo, na inaelekea upande wa pili kuliko watoa hoja wanavyodhani. Wanasema hifadhidata zinahitaji marejeo yenye sura moja ili ziyatambue. Utaratibu halisi ni huu: Crossref, shirika lililoanza kutoa huduma mwaka 2000 na ambalo husajili namba za utambulisho za DOI kwa wachapishaji, hupokea orodha za marejeo kutoka kwa wanachama wake na kujaribu kulinganisha kila rejeo na rekodi iliyosajiliwa. Rejeo lenye DOI linatambuliwa hata koma zote zikiwa zimekosewa, ilmradi namba yenyewe imeandikwa sawasawa. Lisilo na DOI linatambuliwa kwa jina la mwandishi, mwaka, kichwa cha makala, juzuu na ukurasa wa kwanza, yaani kwa taarifa za utambulisho. Jina likiandikwa kinyume au kichwa kikikatwa, ulinganishaji unaweza kushindwa, na anayeumia ni yule aliyetajwa, maana kazi yake itakuwa imetumika bila kuhesabiwa. Wengi wa wanaoumia hivyo ni waandishi wa kwetu, ambao makala zao zilitoka katika majarida ya karatasi kabla ya DOI kuwapo, au katika majarida ya leo ambayo bado hayajajiunga ingawa tangu 2023 Crossref imeondoa ada ya uanachama kwa nchi zenye uwezo mdogo, zikiwamo kadhaa za ukanda wetu.

Hapo ndipo suala la majina linapoingia, nami nitakaa nalo kidogo kwa sababu ndilo linalotuhusu kuliko mengine. Mingi ya mitindo mikuu imejengwa juu ya dhana kwamba kila mtu ana jina la ukoo linalokaa mwisho, na kwamba majina yaliyotangulia yanaweza kufupishwa kuwa herufi bila hasara. Mtanzania wa kawaida ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Leo anachapisha kwa majina mawili, kesho kwa matatu, na programu inayochukua neno la mwisho kama jina la ukoo itamfanya kuwa watu wawili. Shaaban Robert hukutwa katika orodha zetu chini ya herufi ya R na chini ya herufi ya S, mara nyingine katika tasnifu zilizosimamiwa na idara ileile. Ngũgĩ wa Thiong'o ameorodheshwa na Maktaba ya Bunge la Marekani chini ya Ngũgĩ, inavyopaswa, lakini programu ikiachiwa yenyewe humpeleka kwenye T au kwenye W, na mara nyingi alama zilizo juu ya herufi zake zinapotea njiani, hivyo mtu anayemtafuta kwa tahajia sahihi hamkuti.

Mfano unaoonyesha jambo hili kwa ukaribu zaidi ni wa Mombasa. Mtu akiandika tu “Mazrui, A.” katika orodha ya marejeo, amemtaja nani? Yuko Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na aliyechapisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Yuko mwanawe, Profesa Ali Mazrui, mwanasayansi ya siasa aliyefundisha Makerere na baadaye Marekani, aliyefariki dunia mwaka 2014. Yuko Profesa Alamin Mazrui, mwanaisimu na mwandishi wa Kiswahili wa ukoo huohuo. Wawili hawa wa mwisho wameandika pamoja kuhusu lugha na siasa barani Afrika, kwa hiyo msomaji hukutana na “Mazrui na Mazrui” katika matini, na katika orodha hutofautishwa kwa herufi ya pili pekee, A. A. na A. M. Herufi moja ikidondoka, kazi ya baba inaandikwa kwa mwana au ya mmoja inakwenda kwa mwingine, na hakuna mtindo utakaolalamika, kwa sababu sura iko sawa. Wataalamu wa Hadithi walilijua tatizo hili karne nyingi kabla ya vyuo vikuu hivi: katika isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi wa kauli, mpokezi hutajwa kwa jina lake, la baba yake na nisba yake, yaani jina la kabila au mji wake, kwa sababu uzito wa kauli unategemea kujulikana kwake pasipo shaka. Wanazuoni wa pwani yetu, Sheikh Al-Amin akiwa mmoja wao, walilelewa katika elimu hiyo. Sioni kwa nini majarida ya Kiswahili yaendelee kufupisha majina ya watu kuwa herufi kwa kuwa tu wanasaikolojia wa Marekani wameona inawatosha. Jina kamili kama lilivyochapishwa kwenye kazi yenyewe linachukua nusu mstari zaidi, na linaondoa utata huu wote.

Taasisi nazo hupatwa na hayohayo. Katika muswada mmoja nilikuta ripoti ya serikali imeorodheshwa kwa mwandishi aitwaye “Tanzania, J. ya M. wa”. Programu ilikuwa imeichukua Jamhuri ya Muungano wa Tanzania kama mtu mwenye jina la ukoo Tanzania. Dawa yake ni rahisi kwa anayeijua: kwenye Zotero sehemu ya jina hubadilishwa kutoka visanduku viwili kuwa kimoja, na kwa wanaotumia programu ya marejeo ya BibTeX jina la taasisi hufungwa ndani ya mabano ya mawimbi mara mbili. Lakini ili mtu atumie dawa, lazima kwanza asome orodha yake kwa macho yake, na hilo ndilo ambalo kauli ya “mashine itafanya” inamzuia asilifanye. Programu hizi huchota taarifa kutoka kwenye faili la PDF au kurasa za intaneti, na zikikuta taarifa mbovu hupanga ubovu huo kwa unadhifu.

Kuna vyanzo ambavyo hata mtu akiwa makini, mitindo yenyewe haimsaidii. Miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu iliyotunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au chuo cha SOAS kule London, na majalada ya kikoloni yaliyo katika Nyaraka za Taifa Zanzibar, havina DOI wala mchapishaji. Kinachomfikisha msomaji mwingine kwenye chanzo ni namba ya jalada au ya muswada, na rejeo lisilo na namba hiyo, hata likipangwa kwa mtindo gani, halimfikishi popote. Mahojiano ni tatizo jingine. Kwa mujibu wa APA, mazungumzo ambayo msomaji hawezi kuyapata tena huhesabiwa kuwa mawasiliano binafsi, hutajwa ndani ya matini na hayaingii kwenye orodha ya marejeo. Matokeo yake ni kwamba tasnifu nzima kuhusu nyimbo za unyago au historia ya kijiji inaweza kusimama juu ya maneno ya wazee, na orodha ya mwisho ikawa na majina ya wanadharia wa Ulaya peke yao. Ni kweli kwamba mara nyingine mhojiwa anapaswa kufichwa kwa usalama wake au kwa makubaliano ya utafiti, na hapo maadili yanatangulia. Lakini mzee aliyeridhia kutajwa, aliyesimulia kitu ambacho hakuna kitabu kinacho, ana haki ya kuonekana katika orodha kwa jina lake, mahali na tarehe ya mahojiano, pamoja na mahali kaseti au faili la sauti lilipohifadhiwa. Toleo la saba la APA lenyewe limeanza kutoa maelekezo kuhusu maarifa ya jadi na simulizi za wenyeji, jambo linaloonyesha kwamba kanuni hizi zinaweza kusogezwa na wanaozitumia.

Baadhi ya mambo yanayoachwa kama ya sura, kwetu ni ya utambulisho. Mwongozo wa APA wa 2019 uliondoa mji wa uchapishaji, na toleo la kumi na nane la mwongozo wa Chicago, la 2024, nalo halihitaji tena mji huo kwa vitabu vya kawaida. Kwa vitabu vya New York uamuzi huo hauna madhara. Kwa vitabu vya Kiswahili, ambavyo mchapishaji mwenye jina lilelile amewahi kuvitoa Nairobi na Dar es Salaam, mji humsaidia msomaji kujua ameshika nakala ipi. Vivyo hivyo kwa toleo: mwandishi anayetaja Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI bila mwaka hajamwambia msomaji kama anazungumzia toleo la 1981 au la 2004, na katika mjadala kuhusu maana ya neno, tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo mjadala wenyewe.

Kuhusu vifupisho nitasema kidogo tu. Makala ya Kiswahili yenye “na wenzake” katika aya moja na “et al.” katika inayofuata, yenye “uk.” kwa ukurasa mmoja na “pp.” kwa kurasa, kwa kawaida imetoka kwenye programu iliyowekwa kwa lugha ya Kiingereza na mwandishi hakuirekebisha. Si kosa la kitaaluma, lakini ni dalili kwamba orodha haikusomwa.

Uzito wa kazi ya utambulisho unaonekana zaidi kwenye namba ya ukurasa. Mwaka 2015 Hannah Jergas na Christopher Baethge walikusanya pamoja tafiti zilizopima usahihi wa madondoo katika majarida ya tiba, na wakakuta kwamba takriban robo ya madai yaliyotajiwa chanzo hayakuungwa mkono ipasavyo na chanzo hicho. Chanzo kilikuwapo, rejeo lilikuwa sahihi, ila hakikusema kile kilichosemeshwa. Kosa la aina hiyo hugunduliwa kwa kufungua kitabu na kusoma, na msomaji hawezi kufungua kitabu cha kurasa 300 akatafuta sentensi moja bila kuelekezwa. APA hulazimisha ukurasa kwa nukuu ya moja kwa moja, lakini kwa maelezo yaliyofupishwa inauacha kwa hiari ya mwandishi. Mitindo inayotaja vyanzo kwa namba, kama Vancouver, kwa kawaida haiutaji kabisa. Kwa fani zetu za lugha, fasihi na historia, ambako dai moja linaweza kusimama juu ya ubeti mmoja au barua moja, hiari hiyo ni pana mno.

Ndiyo maana naona majarida ya Kiswahili ya Dar es Salaam, Nairobi, Eldoret, Zanzibar na kwingineko yana nafasi ya kufanya kitu ambacho wachapishaji wakubwa hawakifanyi. Yakubaliane waraka mmoja mfupi, wa kurasa chache kama ule wa wanasaikolojia wa 1929, unaoacha sura iwe nyepesi na kukaza utambulisho: jina kamili kama lilivyochapishwa, mji na toleo kwa vitabu vya ukanda huu, namba ya jalada kwa nyaraka, mahojiano ndani ya orodha pale mhojiwa aliporidhia, na ukurasa kwa kila dai mahususi, liwe nukuu au ufupisho. Muda ambao mhariri na wahakiki wanautumia leo kuandika “rekebisha koma” pembezoni utumike kuchagua marejeo matano kutoka kwenye kila muswada, bila mpangilio maalumu, na kumwomba mwandishi alete picha ya ukurasa aliotaja. Orodha iliyotungwa na akili mnemba haiwezi kupita hapo, wala iliyonakiliwa kutoka tasnifu ya mtu mwingine.

Najua pingamizi litakalokuja, nalo ni la haki: mtafiti aliyeko Kigoma au Pemba hana maktaba yenye vitabu vyote anavyolazimika kuvitaja, na mara nyingi amekutana na mwandishi mkubwa ndani ya kitabu cha mwingine. Huyo asiadhibiwe kwa umbali wake. Aandike kwamba hoja ni ya fulani kama ilivyonukuliwa na fulani, ataje ukurasa wa kitabu alichokishika mkononi, na alete picha ya ukurasa huo. Kwa muda mrefu tumewafundisha wanafunzi kwamba kutaja chanzo kupitia chanzo kingine ni unyonge, kwa hiyo wanayataja moja kwa moja mambo ambayo hawajawahi kuyaona, na wanayapanga vizuri. Wahakiki wakianza kuipokea rejea ya namna hiyo bila kumshushia mwandishi hadhi, wanafunzi hawatakuwa na sababu ya kuficha kitabu walichokisoma kweli.